Maji yapelekeni kwenye kadi ya grafiki

Kila ninapooneshwa kompyuta mpya ya gemu iliyounganishwa na fundi wa mjini, naona mpangilio uleule: prosesa imefungiwa kipoza maji (kifaa kinachoipoza kwa maji yanayozungushwa na pampu) chenye taa za rangi na kioo kidogo cha kuonesha nyuzi joto, na chini yake kadi ya grafiki imeachwa na feni zake tatu ndogo. Kwangu huu ni mpangilio uliopinduliwa. Mtu akicheza gemu, prosesa nyingi hula wati 60 hadi 100. Kadi ya grafiki ya Nvidia RTX 3080 iliyo pembeni yake inakula 320, na RTX 4090 imepewa ruhusa ya kufika 450. Moto uko kwenye kadi, kelele iko kwenye kadi, halafu fedha ya maji inakwenda kwa jirani.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu kazi yangu ni kuhariri sauti na video, na naifanya usiku, watu wakiwa wamelala. Kadi inapoanza kutoa video ya mwisho, feni zake zikifika mizunguko 2,000 na zaidi kwa dakika, mvumo unaingia kwenye maikrofoni, unaingia kwenye masikio, na baada ya saa moja unaingia kwenye maamuzi. Unaanza kupandisha sauti ya mazungumzo kuliko inavyotakiwa kwa sababu unashindana na chumba chako mwenyewe. Kesho yake ukisikiliza kwenye simu, kazi yote imepiga makelele.

Tatizo ni la zamani. Mwaka 2003 Nvidia walitoa GeForce FX 5800 Ultra, na feni yake ilivuma kiasi kwamba kampuni yenyewe ikatengeneza video ya kuitania. Mwaka 2010 ikaja GTX 480, wati 250, kadi iliyokuwa ikivuka nyuzi 90 bila taabu. Waliochukua hatua ninayoiheshimu ni washindani wao, AMD: R9 295X2 ya mwaka 2014, yenye chipu mbili na wati 500, ilitoka kiwandani ikiwa na mfumo wake wa maji, na mwaka uliofuata R9 Fury X ikaja na rejeta (kile kifaa chenye mapezi na feni kinachoyapoza maji) ya milimita 120. Baadhi ya Fury X za mwanzo zilikuwa na pampu inayolia kwa sauti nyembamba na wateja wakalalamika, ila wazo lilikuwa sahihi. Leo RTX 5090 imefika wati 575, na bado kadi nyingi za aina hiyo zinauzwa na feni.

Faida ya maji inahesabika. Lita moja ya maji ikipita kwa dakika hubeba wati 70 hivi kwa kila nyuzi moja inayopanda. Pampu nzuri kama D5, hata ikizungushwa taratibu, inaweza kusukuma lita 3 kwa dakika, kwa hiyo wati 320 za kadi zinayapandisha maji nyuzi moja na nusu tu tangu yanapoingia hadi yanapotoka. Hewa ya ujazo huohuo hubeba chini ya sehemu moja ya elfu tatu ya joto hilo. Ndiyo maana kwenye kadi yenye feni joto lote linapaswa kumalizwa palepale, kwenye mapezi membamba yaliyobanwa ndani ya kasha, na feni ndogo zinalazimika kukimbia. Maji yanalichukua joto hilo hadi kwenye rejeta pana, ambako feni za milimita 120 zinafanya kazi bila haraka. Feni ikipunguzwa hadi nusu ya kasi yake, kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, na sikio linaona tofauti hiyo mara moja.

Hesabu hiyohiyo inafundisha kitu ambacho wengi wanakikosa: pampu haina haja ya kukimbizwa. Ukiipandisha hadi mwisho unapata nyuzi moja ya nafuu, labda mbili, na unajiletea mlio mpya mahali pa ule uliouondoa. Iweke kwenye sponji au mpira laini ili isitikise kasha, ipunguze mpaka usiisikie, na uiache hapo.

Lakini kabla hujanunua hata mpira mmoja wa maji, shughulikia umeme wa kadi. Toa vumbi, badilisha pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya chipu na kipozeo) kama kadi ni ya miaka mingi, kisha punguza volti. RTX 3080 nyingi zinakubali kufanya kazi kwa volti 0.85 hadi 0.9, na hapo wati makumi kadhaa zinaondoka huku kasi ikipungua kwa asilimia chache tu. Programu ya kufanyia hivyo, kama MSI Afterburner, ni ya bure. Wati ambayo haikuliwa haihitaji feni, haihitaji rejeta, na haiingii kwenye bili ya umeme. Na mwenye RTX 4060 ya wati 115 aishie hapohapo, maana kadi hiyo inapozwa na feni zake bila shida.

Sasa bloku, kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji. Hapa ndipo ninapotaka watu wasikilize zaidi. Kuna njia ya rafiki wa mfuko: unachukua kipoza maji cha prosesa kilichofungwa tayari, unakishikiza kwenye kadi kwa fremu ya chuma kama ile ya NZXT Kraken G12. Chipu inapoa vizuri sana. Ila kadi ya grafiki si chipu peke yake. Kuna chipu za kumbukumbu zilizoizunguka, na kuna vipande vya kugawa umeme ambavyo navyo vinapata joto kali. Fremu ya G12 inaweka feni ndogo ya kuvipulizia, na kwa kadi za zamani kama GTX 1080 Ti hiyo inatosha. Kwa RTX 3080 na 3090 siikubali. Kumbukumbu zao ni GDDR6X, aina inayowaka moto wa kweli, na zikigonga nyuzi 110 kadi inajipunguzia kasi yenyewe. Unaweza kuwa na chipu ya nyuzi 55 kwenye skrini, ukafurahi, kumbe kumbukumbu zinapikika pembeni. Kwa 3090 hali ni ngumu zaidi kwa kuwa nusu ya kumbukumbu zake ziko upande wa nyuma wa ubao. Kadi hizi zinahitaji bloku kamili inayogusa chipu, kumbukumbu na sehemu za umeme kwa pamoja, na kwa 3090 bamba la nyuma nalo lipewe pedi za joto, yaani vipande laini vinavyopitisha joto. Ni ghali zaidi. Ni bora kusubiri ukusanye fedha yake kuliko kufunga nusu kadi.

Rejeta nayo isiwe ya kubania. Kanuni ya wajenzi ni milimita 120 za rejeta kwa kila wati 100 hivi, ukitaka feni zizunguke polepole. Kwa 3080 hiyo ni rejeta ya milimita 360, si 240. Na watu wa pwani tuongeze, kwa sababu rejeta haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa inayoipitia. Jedwali la mtandaoni lililopimwa kwenye chumba cha nyuzi 21 huko Ujerumani halisemi ukweli wa Dar au Mombasa mwezi Februari, chumba kikiwa nyuzi 31. Jumlisha nyuzi 10 kwenye kila namba unayoiona, ndipo uamue.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitamki. Maji hayaondoi joto chumbani. Wati 320 zilizotoka kwenye kadi zinaishia kwenye hewa unayoipumua, ziwe zimepitia feni au rejeta. Mtu aliyekaa anatoa wati 100 hivi, kwa hiyo kadi hiyo ikifanya kazi ni sawa na kufungiwa chumbani na wageni watatu usiku kucha. Wenye kiyoyozi wanalipa mara mbili: umeme wa kuwasha kadi na umeme wa kutoa joto lake.

Ila maji yanakupa mlango ambao feni haikupi hata kidogo: unaweza kuitoa rejeta nje. Mipira miwili inapita kwenye tundu la ukuta au pembeni mwa dirisha, rejeta inakaa barazani chini ya paa, na kadi inabaki mezani kwako ikiwa kimya. Joto linakwenda nje, na feni za rejeta zikivuma kidogo, zinavuma nje. Kampuni ya Kijerumani ya Watercool inatengeneza rejeta kubwa za kukaa nje ya kasha zinazoitwa MO-RA, na pampu ya D5 inamudu mita kadhaa za mpira. Weka viungo vya kufungua bila kumwaga maji, ili siku ya kuhamisha kompyuta usilazimike kukausha mfumo mzima. Kwa nyumba za joto kama zetu naona hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutumia maji, na nasikitika kuona inatajwa mara chache mno. Tahadhari yake ni hewa ya chumvi. Aliye karibu na bahari aifute rejeta mara kwa mara na asiiache ikipigwa na mvua, la sivyo mapezi yataliwa.

Wengi huniuliza kuhusu jasho, yaani umande kwenye bloku, kwa kuwa hewa yetu ina unyevu mwingi. Umande unakuja pale tu kitu kinapokuwa baridi vya kutosha kuliko hewa inayokizunguka. Maji yanayopozwa na rejeta, kadi ikiwa kazini, huwa na joto kuliko hewa inayoipitia rejeta. Hofu hiyo iwaendee wanaoweka barafu au mashine ya kugandisha. Umeme ukikatika nao si tatizo: pampu inazima, lakini kadi nayo imezima.

Kuvuja ndiko hofu ya haki, na dawa yake ni subira. Ukishafunga, washa pampu peke yake huku kadi na ubao mama havina umeme, weka tishu chini ya kila kiungo, uache maji yazunguke saa 24. Tishu ikilowa, unajua wapi pa kukaza, na hakuna kilichoungua.

Kuhusu maji yenyewe niko mkali. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled) pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu, au maji maalumu yasiyo na rangi. Yale maji mazito ya rangi za kupendeza huacha tope kwenye mifereji ya bloku, ambayo ni myembamba kuliko milimita moja. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa endapo lebo inasema wazi kuwa ni maji yaliyokenekwa. Soma vizuri, maana chupa ya asidi ya betri inaweza kuwa kwenye rafu hiyohiyo. Usichanganye rejeta ya aluminiamu na bloku ya shaba, kwani metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji aluminiamu inaliwa. Badilisha maji kila mwaka.

Kuna sauti moja ambayo maji hayaigusi. Kadi nyingine hutoa mlio mwembamba kutoka kwenye koili zake za umeme, hasa fremu, yaani picha za gemu, zikiwa nyingi mno kwa sekunde. Feni zikinyamaza, mlio huo unasikika zaidi. Kuweka kikomo cha fremu kwenye gemu husaidia, na kupunguza volti husaidia pia. Kwa hiyo, kama unanunua kadi iliyokwisha kutumika ukiwa na nia ya kuifungia maji, isikilize kwanza ikiwa kazini, sikio likiwa karibu. Halafu thibitisha jina kamili la ubao wake, maana bloku ya 3080 ya kampuni moja huenda isikae kwenye 3080 ya kampuni nyingine. Na kipozeo chake cha zamani kitunze pamoja na skrubu zote, kwani siku ya kuiuza mnunuzi ataitaka na feni zake.