Alama mbili ukutani kwa shangazi

Nyumba ya shangazi yangu pale Magomeni Suna, Dar es Salaam, ilikuwa na alama mbili. Ya kwanza ilikuwa sebuleni, mstari wa mkaa aliouchora mwenyewe Desemba 2011 maji ya mto Msimbazi yalipoanza kushuka. Ulipita juu kidogo ya swichi ya taa. Ya pili ilikuwa nje, upande wa barabarani: X ya rangi nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa. Waliipiga watu waliokuja asubuhi na kopo na brashi, wakaondoka bila hata kubisha hodi.

Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Rotterdam, Uholanzi, na kila nikisikia masika imeanza Dar nazikumbuka alama zile. Mstari wa mkaa ulikuwa unaongea. Mgeni akiingia aliuona, akauliza, akasimuliwa: maji yaliingia usiku yakianzia chooni, godoro likaelea, watoto wakapandishwa juu ya kabati. Mpangaji mpya alikuwa akisikia habari hiyo anatafuta matofali ya kuinulia kitanda siku hiyo hiyo. X haikumwambia mtu kitu zaidi ya ondoka. Uende wapi, kabla ya lini, kwa nini nyumba hii na ya jirani ikaachwa, hakuna aliyesema.

Nchi ninayoishi sasa karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari. Mtaa wangu uko zaidi ya mita 5 chini. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa sokoni Jumatatu moja, saa sita mchana, ving'ora vikalia mji mzima. Niliuacha mfuko wa viazi chini nikatafuta pa kukimbilia. Mama mmoja wa Kisurinamu akanishika mkono: wanajaribu tu, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Baadaye mwenzangu kazini alinionyesha tovuti ambayo unaandika postikodi yako, nayo inakuonyesha maji yanaweza kufika wapi nyumbani kwako kingo zikipasuka. Kwangu yanapita kimo changu. Usiku ule sikupata usingizi vizuri. Asubuhi nilipanda ngazi hadi ghorofa ya juu ya jengo letu, nikahakikisha mlango wa kule unafunguka.

Waholanzi hawakuzaliwa na ujuzi huo. Usiku wa 31 Januari kuamkia 1 Februari 1953 bahari ilivunja kingo kusini magharibi mwa nchi, watu 1,836 wakafa. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo, lakini usiku redio hazikuwa zikitangaza, na watu walikuwa wamelala. Baada ya hapo walijenga mabwawa na malango ya bahari kwa miongo kadhaa. Lile lango kubwa la Maeslant, karibu na sisi hapa, lilizinduliwa 1997. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu usiku ule. Sijawahi kusikia mtu akiwaita wale waliokufa wakaidi.

Kwetu neno hilo halikosekani. Mvua zikinyesha, kiongozi anasimama mbele ya kamera na kusema wakazi wa mabondeni wamekaidi agizo. Shangazi alinunua kile kiwanja miaka ya themanini, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Umeme alifungiwa, LUKU ananunua kama kila mtu, kodi ya jengo alilipa. Katika wote waliopokea fedha yake hakuna aliyewahi kumwambia mama, hapa unakaa mtoni. Halafu siku moja anaitwa mkaidi. Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mtu ukishamwita mkaidi huna tena sababu ya kumweleza kitu.

Na hata tukieleza, tunaeleza kwa lugha gani? Mwaka juzi shangazi alinitumia sauti WhatsApp: "Baba, wamesema mvua ya mwaka huu ni ya wastani hadi juu ya wastani. Sasa hiyo ndiyo ipi?" Mamlaka ya Hali ya Hewa wanafanya kazi yao, utabiri wa msimu hutoka kabla ya msimu, angalizo na tahadhari hutolewa. Kwa mtaalamu, wastani ni kipimo cha mvua za miaka mingi. Kwa shangazi wastani ni kiasi, mvua ya kadiri, isiyo na makuu. Alikuwa amesikia onyo akalielewa kama faraja. Bado hatujafika kwenye maneno ya semina, uhimilivu, hewa ukaa, mifumo ikolojia. Siyachukii, lugha lazima ikue. Lakini mvuvi wa Feri anakuambia kaskazi siku hizi haiji kwa wakati wake, na hapo amekwishasema mabadiliko ya tabianchi yote unayotaka.

Wala tusijidharau, maana tukitaka tunaweza. Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019, ujumbe ulikuwa mfupi na tarehe ilikuwa moja. Mwuza nyanya alimweleza mteja, mteja akamweleza jirani, na nilipotua likizo Desemba ile nilikuta watu wanabeba vikapu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja upande wa Mafia, watu waliambiwa jina lake, siku yake, na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Hapo hakuna aliyeuliza wastani ni nini.

Tena tuna kitu ambacho huku sina. Jirani yangu wa mlango wa pili tumekaa miaka sita, jina lake nalisoma kwenye sanduku la barua tu. Ving'ora vikilia kweli, sijui nani atanigongea. Suna mjumbe alijua nani ana kichanga na mzee yupi haoni. Kulikuwa na kipaza sauti cha msikiti, kulikuwa na mama ntilie aliyeamka saa kumi usiku kuwasha jiko na kuona mto kabla ya mtu yeyote. Vinywa vya kupeleka habari Dar vimejaa. Tunavipa maneno yasiyosema kitu.

Na taarifa zenyewe zipo. Tangu 2015 vijana wa Ramani Huria walipita mitaani na wenyeji wakichora mitaro na sehemu zinazojaa maji. Mwaka 2022 nyumba zikawekewa namba, mitaa ikapata vibao. Mwaka huo huo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa Bonde la Msimbazi, na katika kazi zake kuna daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana ya mwendokasi. Ningetaka sehemu ndogo ya fedha hiyo itumike kumpa kila mjumbe karatasi moja: nyumba namba fulani, maji ya 2011 yalifika kiunoni, watu wa Kigogo, mto unakotokea, wakipiga simu mna saa kadhaa, mkimbilie shule ile. Akae kibarazani na wenye nyumba wazungumze, wamsahihishe alipokosea, kwa sababu kina cha maji yale wanakijua kuliko yeyote.

Nyumba ya Suna ilibomolewa, mstari wa mkaa ukaenda na kifusi. Shangazi sasa yuko Kivule, kajenga vyumba viwili. Masika ya 2024 mtaro wa kule ulifurika. Nikampigia, shikamoo shangazi, mko salama? Akasema wako salama, kisha akanitumia picha: ukuta mpya usio na plasta, na mstari wa mkaa kwenye tofali la tatu kutoka chini.