Mwenye Mbawa Asifukuzwe Chomboni

Hapa Unguja, kwenye meza zetu za mchezo wa kuigiza wahusika, ambao dadu huamua matokeo, Dungeons & Dragons, waongoza mchezo wengi wana kanuni ya mkato: safari ikiwa ya baharini, mhusika mwenye mbawa haruhusiwi. Wanaogopa atamaliza kila tatizo kwa kuruka. Naipinga kanuni hiyo kwa moyo wote. Bahari ina vizuizi vya kutosha, na sisi watu wa visiwani ndio wa kwanza kuvijua.

Tazama kasi. Kanuni za mchezo za 2015 zilimpa aarakocra, mhusika wa jamii ya watu-ndege, futi 50 kwa raundi ya sekunde 6. Zile za 2022 zikamteremsha hadi 30. Ukipiga hesabu, futi 30 ni kama kilomita 5 na nusu kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu. Jahazi lililopata kaskazi nzuri linamwacha nyuma. Basi akienda kupeleleza kisiwa, nahodha ana uamuzi mzito: ateremshe tanga amsubiri, huku maharamia wanakaribia, au aendelee na safari? Hapo mimi huwaacha wachezaji wabishane wenyewe. Ubishi huo unanogesha kikao kuliko vita vya dadu.

Kuona ndiko kutamu zaidi. Aliyesimama sitahani, macho yake mita 3 juu ya maji, upeo wake ni kilomita 6 hivi. Akipaa mita 100, unafika kilomita 36. Mpe bila kinyongo. Ila naye anaonekana: mtu anayezunguka angani juu ya bahari tupu huwajulisha maharamia chombo kiko wapi kabla tanga halijachomoza.

Halafu kuna kutua. Kila mmoja anapenda kukaa juu ya foromali, yaani boriti inayoshikilia tanga, lakini jahazi likigeuza, mabaharia huizungusha foromali hiyo upande wa pili wa mlingoti, kamba zimelegea na tanga linapiga kwa kishindo. Aliyekaa pale atupe dadu, na nahodha ana haki ya kumfokea.

Nisichokikubali ni dhoruba ya kila kikao, inayoletwa makusudi ili mbawa zilowe. Mchezaji huitambua papo hapo na kinyongo kinamkaa. Dhoruba ziwekwe wakati wa masika, na wachezaji waambiwe mapema. Safari ikiwa ya Januari, kaskazi inavuma sawasawa na anga ni nyeupe, mwache aruke atakavyo. Muulize tu, jua likizama, atatua wapi.