Daftari lirudi Newala

Nimesoma habari yenu kwamba wasomi wa anthropolojia, yaani wanaochunguza mila na maisha ya watu, waache kujifungia kwenye nadharia, wazungumze na wananchi. Naunga mkono kwa moyo wote, maana sisi wa Newala, kusini mwa Tanzania, tumeandikwa sana. Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado havijaisha, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na huku kwetu akipiga picha na kurekodi nyimbo. Vitu alivyokusanya vikaenda makumbusho ya Leipzig.

Bibi yangu ni nyakanga, yaani kiongozi wa unyago, mafunzo ya mabinti wanaopevuka. Miaka michache iliyopita alikuja mtafiti, akakaa naye barazani siku nne, bibi anabangua korosho huku akimweleza unyago hatua kwa hatua, mtafiti anajaza daftari. Hadi leo hatujaletewa hata karatasi moja.

Na elimu hii inafaa jamani! Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, mwaka 2014, wanaanthropolojia walisaidia kutafuta namna ya kuzika kwa usalama bila kumvunjia marehemu heshima. Huku kwetu kila mwaka tunabishana kuhusu unyago na masomo ya mabinti. Basi mtafiti aje akae na manyakanga na walimu chumba kimoja, atusomee alichoandika, kwa Kiswahili, nasi tumsahihishe.