Anodi ya zinki: kuipaka au kuijaza kwenye kitambaa?

Kwenye betri za kuchaji zinazokunjika, zile za kuvaa mwilini, mimi niko upande wa zinki kabisa. Elektroliti yake, yani kile kinachopitisha chaji ndani ya betri, ni ya maji kwa hiyo haiwaki moto, na gramu moja ya zinki kwa hesabu inabeba chaji ya 820 mAh wakati grafiti, anodi ya betri za lithiamu, inaishia 372. Shida ni kuirudisha kwenye anodi, yani upande hasi wa betri.

Ukichaji, ioni za zinki, chembe zake zenye chaji, zinarudi kuganda kwenye anodi, ila hazigandi sawasawa, zinakimbilia palipoinuka, na pakishainuka ndo umeme unazidi kujikusanya hapohapo, mwisho kinaota kisindano kinatoboa kitenganishi kilicho kati ya pande mbili na betri inapiga shoti. Sasa ikunje. Pale kwenye mkunjo foili, yani karatasi nyembamba ya zinki, inapata nyufa ndogondogo, na kila ufa ni mahali pa kuotea kisindano kingine. Huku maji nayo yanaila zinki, haidrojeni inatoka, pakiti iliyozibwa inavimba.

Wapo wanaosema paka foili utando mwembamba. Wana hoja, ni kazi rahisi na uzito hauongezeki sana. Lakini utando mgumu ukikunjwa mara nyingi unapasuka, na ukibanduka sehemu moja tu zinki inajazana hapo, unabaki na hali mbaya kuliko foili tupu. Utando wa polima unavumilia kunjakunja, ila ukizidi unene ioni zinapita kwa tabu.

Wengine wanaweka zinki kwenye kitambaa cha kaboni. Hiki kinakunjika chenyewe, na nyuzi zake zinausambaza umeme usirundikane sehemu moja. Gharama yake ni kwamba eneo likiwa kubwa, haidrojeni nayo inapata pa kutokea pengi, halafu kitambaa chenyewe ni uzito usiobeba chaji. Elektroliti ya jeli inasaidia pande zote mbili maana inapunguza maji yaliyo huru, bora isikauke tu.

Kinachonisumbua zaidi ni vipimo. Foili ya milimita 0.1 ina karibu 58 mAh kwa kila sentimita mraba, halafu mtu anaijaribu kwa 1 mAh tu kila anapoichaji na kuitumia, yani hata asilimia 2 ya zinki haijaguswa, kisha tunaambiwa imedumu mizunguko maelfu! Niwe mkweli, kipimo hicho kinafaa ukitaka kulinganisha utando huu na ule, na foili nene inasaidia pia kupitisha umeme. Ila kwa betri ya kukunja, ule unene wote ni uzito na ukakamavu tu.

Ndo maana naegemea kitambaa, kikiwa na utando laini juu na jeli. Na kipimwe kwa zinki kidogo, tuseme sawa na foili ya milimita 0.01, nusu yake itumike kila mzunguko, na kikunjwe wakati kinachaji, sio kabla wala baada.