Chemshabongo ya Vasco da Gama imetuchosha

Wiki iliyopita nilikaa ukumbini nikitazama chemshabongo ya shule za msingi hapa Malindi. Swali la kwanza la historia mmeshalijua. Mzungu gani alifika hapa kwa jahazi mwaka 1498? Vasco da Gama! Makofi. Likafuata swali la mji mkuu wa Mongolia, nalo likapatiwa jibu, mashallah.

Sikatai, mtoto kuijua Ulaanbaatar hakumdhuru. Kinachonikera ni kwamba Vasco anafika, tunapiga makofi, na hadithi inaishia hapo kana kwamba sisi tulikuwa minazi tu ufukweni.

Yule Mreno alikuja akitokea Mombasa, ambako hawakupatana. Malindi na Mombasa nazo zilikuwa haziivi chungu kimoja, basi mfalme wetu akaona huyu mgeni mwenye mizinga atamfaa. Akampa chakula, akampa na rubani anayeijua njia. Wakang'oa nanga mwezi wa Aprili, na siku 23 baadaye wakaiona pwani ya Uhindi. Kurudi sasa! Walitoka kule mapema Oktoba, kaskazi, ule upepo wa kuwaleta huku, haijashika, wakasota baharini karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikawamaliza, fizi zimevimba hata kutafuna hawawezi. Januari 1499 wakajikokota mpaka hapa, na cha mwanzo walichoomba ni machungwa.

Haya, waulize watoto: kwa nini kwenda siku 23, kurudi miezi mitatu? Mtoto wa mvuvi atakujibu hata umwamshe usiku wa manane. Swali moja hilo lina historia, lina jiografia, lina utamaduni wa baharini, na babu yake anaweza kumsaidia kulijibu. Lakini la, sisi tunataka jina na mwaka.

Na fadhila za Mreno mnazijua: mwaka 1593 akaanza kujenga ngome ya Fort Jesus, wapi? Mombasa! Malindi ikabaki kudorora na ule mnara wa msalaba wa Vasco, ambao leo tunawatoza watalii kuutazama. Angalau unaingiza kitu.

Mengine hata hayakuguswa. Twiga aliyepelekwa na Malindi kwa mfalme wa China mwaka 1415, kimya. Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili hapa jirani, ambayo tangu 2024 ni urithi wa dunia, kimya. Setilaiti iliyorushwa baharini hapo Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, kimya kabisa. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga wakoloni Waingereza, alipata swali moja, la mwisho, watu wanakunja viti.

Mwakani nikialikwa nitakwenda na karatasi yangu ya maswali. Na msimamizi asinijie na habari za silabasi.