Nyumba ya kale ya Kiingereza: tazama ukuta kabla ya jiko

Tangazo likisema nyumba ya kale ya kijijini "inahitaji kufanywa ya kisasa", wengi wetu tuliotoka pwani tunapiga hesabu ya jiko, bafu na rangi. Hayo ni mapambo. Gharama iko ukutani.

Chukua nyumba za Cotswolds, eneo la vilima na vijiji vya mawe huku Uingereza. Kuta zake ni mawe ya chokaa yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nene, zisizo na uwazi katikati. Ni ndugu wa kuta za matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe: zinanywa maji mvua ikinyesha, kisha zinayatoa kukikauka. Adui yao ni mmoja, saruji. Ukipiga lipu ya saruji maji yanafungiwa ndani. Nje ukuta unapendeza, ndani rangi inabambuka, ncha za boriti zinaoza, na maji yakiganda majira ya baridi uso wa jiwe unamomonyoka. Kwetu hakuna barafu, lakini chumvi inafanya kazi ileile.

Kinachoniudhi ni kwamba huku chokaa inauzwa ghali kuliko saruji na watu wanainunua, ilhali sisi wenye mila ya tanuri za chokaa tunaziba magofu yetu kwa saruji kwa sababu inakauka upesi.

Basi ukienda kuiona nyumba, zunguka nje kwanza. Udongo unatakiwa uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hivi. Ukiwa juu, maji yanaingia. Angalia gata iliyoziba au kuvunjika. Muuza dawa za unyevu atataka kutoboa ukuta aingize kemikali, na mara nyingi kazi ilikuwa ya sepetu tu, kuuondoa udongo uliorundikana ukutani.

Viungo vya mawe vilivyojazwa saruji vikwanguliwe kwa nyundo na patasi. Mashine ya kukata inakula jiwe. Kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Lowesha, kisha jaza mchanganyiko wa sehemu 1 ya chokaa ya NHL 3.5 (chokaa asilia inayoshika hata penye unyevu) kwa sehemu 2.5 za mchanga wenye chembe kubwa na ndogo. Funika kwa gunia bichi siku kadhaa. Joto likiwa chini ya nyuzi 5 usianze: chokaa haishiki, na ikiganda inabaki unga.

Halafu kuna vibali. Kwetu mtu ananunua gofu, anahamia chumba kimoja, anajenga kidogo kidogo. Hapa, nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, kung'oa madirisha ya kale na kuweka ya plastiki bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Hata kazi aliyoifanya mwenye nyumba wa zamani bila ruhusa, halmashauri inaweza kukuamuru wewe uirekebishe. Benki nazo mara nyingi hukataa kukopesha nyumba isiyo na jiko wala bafu. Kabla ya kununua, lipia ukaguzi wa kiwango cha 3, yaani ule wa kina wa jengo zima, na umuulize mkaguzi mapema kama anazifahamu kuta za chokaa. Akikujibu kwa kusifu saruji, tafuta mwingine.