Kukaza si kutengeneza

Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1968, niliyoachiwa na ami yangu. Nikiiegesha Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, jioni, hawakosi wawili watatu wa kuja kupiga picha. Watasifu rangi, watasifu bampa, watauliza naiuza ngapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za beringi, vile vyuma vya ndani vinavyolifanya gurudumu lizunguke kwa wepesi. Siwalaumu. Rangi inaonekana, grisi haionekani.

Mwaka juzi nilianza kusikia mvumo mbele. Nikikata kona ya kushoto unapanda, nikikata kulia unafifia. Nikajua ni gurudumu la kulia, maana gari likipinda kushoto uzito hulalia upande wa pili. Nikampelekea fundi mmoja jirani. Akapiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa, likacheza. Akafungua kifuniko, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Sasa haichezi hata kidogo, bosi." Nami, kwa ujinga wangu, nikafurahi na kumlipa.

Siku hiyo hiyo nikashika njia ya Malindi. Kufika Mtwapa, harufu ya kitu kinachoungua. Nikashuka, nikagusa habu, kile kitovu cha gurudumu, nikaurudisha mkono mbio. Tulipokuja kuifungua, beringi ilikuwa imegeuka buluu kama kisu kilichosahauliwa jikoni juu ya makaa.

Tangu hapo nina msimamo ambao wenzangu wenye magari ya zamani hunicheka nao: beringi iliyolegea kidogo ni afadhali mara kumi kuliko iliyobanwa. Kwa gari kama langu, nafasi ya beringi kuchezea inayotakiwa ni kati ya milimita 0.03 na 0.12. Ni kama unene wa karatasi, lakini imewekwa makusudi, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka na lazima kipate pa kutanukia. Mteja anayetaka gurudumu "lisicheze kabisa" anaagiza ajali kwa pesa yake mwenyewe.

Mzee mmoja wa Majengo ndiye aliyenionyesha namna ya kuipata nafasi hiyo bila kipimo. Unakaza nati huku unalizungusha gurudumu ili beringi zikae mahali pake. Halafu unalegeza kidogo kidogo, na kila mara unaisukuma kwa ncha ya bisibisi ile washa, kisahani cha chuma kilicho kati ya nati na beringi. "Sukuma kwa kidole, mwanangu, usiikongoe," alikuwa akinigombeza. Washa ikisogea kwa shida kidogo, umefika. Funga kiskrubu cha nati. Na kwa Beetle kumbuka kuwa nati ya gurudumu la kushoto hukazwa kinyume, na waya wa spidomita hupita hapo hapo katikati. Nimeona zaidi ya nati moja iliyoharibiwa na mtu mwenye nguvu na haraka.

Usukani nao una ugonjwa huo huo wa kukazwa ovyo. Ukiwa na mchezo, yaani ukigeuka kidogo bila magurudumu kufuata, fundi hukimbilia skrubu iliyo juu ya stelingi boksi, lile boksi la meno linalopokea mzunguko wa usukani. Lakini boksi huliwa zaidi katikati, kwa kuwa safari nyingi ni za kwenda mbele moja kwa moja. Ukiibana pale katikati ilipolika, kwenye kona itakwama, na usukani hautarudi wenyewe. Hebu fikiria usukani unaogoma kurudi, na wewe uko Kongowea katikati ya matatu na tuktuk. Kumbe mara nyingi mwenye makosa ni tairodi iliyochoka, ile fimbo inayovuta gurudumu kukata kona. Lishike gurudumu kushoto na kulia, litikise, umweke mtu chini aangalie viungo. Ukilitikisa juu na chini likacheza, mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukitoweka, ni beringi, ukibaki, ni bolijointi, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye ekseli. Ni kazi ya dakika tano, na hakuna spana iliyoguswa.

Halafu kuna hili la pwani yetu. Ukivuka Likoni, maji ya chumvi hukungoja pale gari linaposhukia feri. Masika nayo ikipiga, barabara za mjini hugeuka mito. Baada ya hapo mimi hufungua tu, sisubiri mvumo. Grisi iliyoingia maji huwa nyeupe kama tui. Ukiiona hivyo, osha beringi kwa mafuta ya taa, ikaushe vizuri, weka sili mpya ya kuzuia grisi isitoke, na uishindilie grisi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Kifuniko usikijaze, itakuja kuvuja kwenye breki. Na nipeli nne za ekseli ya mbele, vile vichwa vidogo vya kuingizia grisi, zipigwe grisi gari likiwa juu ya jeki, si magurudumu yakiwa chini yamebeba uzito.

Wenzangu hunitajia mwaka 1962, Beetle iliposhinda Safari Rally, kana kwamba ushindi ule uliyapa kinga magari yote yaliyofuata. Gari la mashindano hukaguliwa kila kituo. Langu lilikaa miaka na grisi aliyoiacha marehemu ami.

Yule fundi bado ni jirani yangu, na kazi ya kabureta namwachia, anaijua. Beringi nafungua mwenyewe Jumapili asubuhi, gazeti limetandikwa barazani, na mpwa wangu yuko juu ya pedali ya breki, akiuliza kila dakika kama sasa anaweza kushuka.